Nafasi Moja Mlangoni kwa Bi Sikuzani

Nikiita, itikeni. Asiyeitika tutadhani amepotea, na itatubidi tushike taa tukamtafute, na mimi leo miguu inaniuma.

Palikuwa na mji uitwao Vumbini, mji wa wachimba vito. Waliouanzisha hawakuwa ndugu. Kila mmoja alikuja na sururu yake na lugha ya kwao, akachimba shimo lake, na mara nyingine shimo likamla. Basi wakajiwekea desturi. Jua likizama, mwenye nyumba husimama mlangoni kabla ya kutia komeo, akaita majina ya watu wake mmoja mmoja, akinyamaza baada ya kila jina ili asikie jibu. Wanaume hujibu "Naam", wanawake hujibu "Abee". Jina lisipojibiwa, mtaa mzima hushika taa na kuingia mashimoni. Ndiyo maana watu wa Vumbini walikuwa na msemo wao: asiyeitwa hatafutwi.

Zamani waliitana ovyo. Alikuwapo mwenye nyumba mmoja, mpenda sifa, aliyekusanya majina ya wapita njia hadi hakujua tena nani kaitika na nani kakohoa. Mtu akafia shimoni huku jina lake likiitikiwa na mbuzi. Tangu siku hiyo wazee wa mji wakakaza kamba. Nyumba haiongezi jina ila kwa kuzaa au kuoa. Jina likitoka kwa kifo, hapo mtu mmoja asiye na mlango anaweza kuingizwa katika nafasi ile. Mmoja, si wawili. Na kuitikia jina la mwenzako likawa kosa la aibu kuliko yote.

Sasa, walikuwapo watu watatu wasio na mlango, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Tunsume, mpishi wa mawe. Msicheke. Kulikuwa na kituo cha utafiti pembeni mwa mji, kituo kikafungwa, wenzake wakabeba mabegi wakaenda makwao. Tunsume akabaki na tanuri, kwa sababu kwao hapakuwa na mtu tena wa kumsubiri. Kipaji chake kilikuwa subira ya moto. Alichukua kutu ya chuma, akaichanganya na udongo mweupe adimu ulioachwa na kituo, akaviyeyusha hadi vikawa uji. Kisha akaupoza moto taratibu mno, hata moto wenyewe usijue kama unazimwa. Chini ya chungu zikabaki fuwele ndogo nyeusi kama pilipili manga. Wanunuzi walitaka mawe mekundu na ya kijani. Nyeusi hizo alizifungia kwenye kopo, na kopo likajaa.

Wa pili ni Chesco, mchonga vito. Kipaji chake kilikuwa vidole. Angeweza kusugua jiwe likawa jembamba kuliko ganda la kitunguu na lisivunjike. Zamani alikuwa mchimbaji, akafukiwa shimoni pamoja na mwenzake. Mwenzake alikuwa na mlango, akaitwa, hakuitika, mtaa ukaja na taa. Walipomtoa wakarudi nyumbani wakiimba, hawakujua kama chini kuna mtu mwingine. Chesco alijichimbua mwenyewe, alfajiri, kwa mikono. Toka hapo akawa mtu wa maneno machache.

Wa tatu ni Ngwali, fundi saa. Kipaji chake kilikuwa jicho. Aliona kasoro ya gurudumu dogo kuliko punje ya ufuta. Lakini saa za kisasa hazitengenezwi, hutupwa, na wateja wakampotea. Ukutani kwake alitundika saa nyingi na hakuna mbili zilizolingana. Watu walidhani ni uzembe. Mwenyewe alizipanga hivyo makusudi, ili kila baada ya muda mfupi moja igonge na nyumba isiwe kimya.

Tumfuate Tunsume, maana hadithi hii ilipita zaidi ukutani kwake.

Chumba chake kilishikana na nyumba ya Mzee Mbaruku na mkewe Bi Sikuzani, ukuta mmoja wa udongo kati yao. Jioni ndiyo saa aliyoichukia. Majina yalianza upande wa kisimani, yakapanda mtaa mlango kwa mlango, yakampita. Alijifanya anakoroga sufuria. Mzee Mbaruku alikuwa wa mwisho kuita, na aliita majina mawili tu. "Sikuzani!" Na mkewe hujibu, "Abee." Kisha, "Mwanasiti!" Hapo hapakuwa na jibu. Mwanasiti alikuwa binti yao, aliyefuatana na mfanyabiashara akaenda mji wa mbali, na habari zake zikakatika. Mtaa ulijua kwamba hayuko shimoni, kwa hiyo hakuna aliyeshika taa. Mzee aliliita tu.

Kimya kile baada ya jina la Mwanasiti kilimuuma Tunsume mno. Jioni moja, mdomo ukamtangulia. Akajibu, kwa sauti ndogo ya mtu anayejisemea, "Abee." Hakuna aliyesikia. Kesho yake akajibu tena. Ikawa ndiyo chakula chake cha jioni.

Mzee Mbaruku akaugua kifua, sauti ikawa inakwisha. Akaazima redio kaseti, akasema ataitunza sauti yake kabla haijakwisha. Alimwambia mkewe, "Leo usijibu, mama. Utakuwa unajibu mwenyewe kila jioni." Akaita majina mara moja, akinyamaza baada ya kila moja, akafunga kwa kusema, "Basi, mlango umefungwa. Mungu atuamshe salama." Baada ya hapo kila jioni kaseti ndiyo iliyoita, hata mzee alipofariki. Bi Sikuzani alihitaji vile, kwa sababu kwa desturi yao mwitaji hajiiti. Bila kaseti, mjane yule hana wa kumwita.

Halafu redio ikala mkanda.

Bi Sikuzani aliutoa polepole kwenye meno ya redio, akauweka dirishani ukisubiri fundi. Ilikuwa msimu wa mtama kuzaa, na Vumbini msimu huo mlinda ndege hupita nyumba kwa nyumba kukusanya kaseti mbovu. Ukanda wake hutandazwa shambani, ukivuma na kumetameta ndege wanakimbia. Mlinda ndege akaona mkanda dirishani, akashukuru, akauchukua. Bi Sikuzani alipogundua, jua na mvua vilikwisha kufanya kazi yake. Yeye na mlinda ndege walirudi na furushi la ukanda wa kahawia, nyimbo za harusi, mawaidha, matangazo ya mpira, vipande vipande, na ndani yake mahali fulani, ukanda wa kiasi cha kufunga kilemba, wenye sauti ya Mbaruku.

Mama yule aliketi mbele ya furushi akasema mbele ya majirani, "Nafasi ya Mbaruku iko wazi mlangoni kwangu. Atakayenirudishia sauti yake, jina lake ndilo litakaloingia. Nitamwita, na yeye ataniita."

Waliosikia wengi walikuwa na milango yao, wakampa pole wakaenda. Watatu ndio waliobaki wamesimama.

Ngwali aliinua kipande kimoja, vumbi la kahawia likambakia vidoleni. "Ukanda huu ni plastiki iliyopakwa kutu," alisema. "Kila chembe ya kutu ni sumaku ndogo, na sauti ni jinsi sumaku hizo zilivyopangwa. Sasa zinabanduka kama chokaa ya ukuta. Imebaki pumzi moja. Ukiupitisha kwenye redio ili kuitafuta sauti, utaimaliza ukiitafuta."

"Basi itafutwe vipi?" aliuliza Bi Sikuzani.

"Kwa macho. Lakini kiko kitu kimoja sina." Akamgeukia Tunsume. "Dada, nilipokuwa kijana nilimfanyia kazi fundi wa vyombo bandarini. Alikuwa na kijiwe cha kutu iliyopikwa. Sumaku ikikikaribia, mwanga unaopita ndani yake unapinda. Mawe yako meusi yametokana na nini?"

"Kutu," alisema Tunsume.

Fuwele za kwenye kopo zilikuwa ndogo mno. Ikabidi apike upya, apate moja kubwa isiyo na ufa. Alikaa na tanuri bila kuondoka, akilala amekaa, akiamka kila moto unapobadili pumzi. Chungu cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilitoa jiwe lenye mapovu. Alitia udongo mweupe wa mwisho kwenye cha tatu, akijua ukiisha hautapatikana tena, na hapo kazi yake ya maisha itakuwa imekwisha pia. Cha tatu kilitoa fuwele moja nyeusi, safi, sawa na kokwa ya ubuyu. Hakubakiwa na kitu cha kupika.

Chesco alilipokea jiwe kwa mikono miwili. Lilikuwa jeusi tii, mwanga haupiti. Alilikata kipande, akakibandika kwenye kioo kwa nta, akaanza kusugua. Jiwe la kutu likiwa nene ni giza, likiwa jembamba ni dirisha, lakini kati ya dirisha na unga kuna pumzi moja ya mkono. Alivunja vipande viwili. Kipande cha tatu alikisugua kwa ncha za vidole hadi ngozi ikatoka, na siku ngozi ilipotoka hakuacha, kwa sababu alisema bila ngozi anasikia vizuri zaidi. Alipokileta kilikuwa na rangi ya chai kavu, na ukikiweka juu ya maandishi unasoma. Vidole vyake havikupata tena ule wepesi.

Ngwali alibandua vioo viwili laini kutoka kwenye uso wa saa za betri zinazoonyesha namba bila mishale, za mwisho zilizokuwa na thamani nyumbani kwake. "Mwanga ukipita hapa," alimweleza mama, "unatoka umelala upande mmoja, kama mtu aliyepita mlango mwembamba kwa ubavu. Ukikuta mlango wa pili umekingama, haupiti." Kioo kimoja akakiweka mbele ya taa, cha pili mbele ya jicho lake, akavikingamanisha. Giza. Kati yao akaweka kijiwe cha Chesco. Giza bado. Akasogeza sumaku ya spika mbovu.

Kijiwe kikawaka.

Akaiondoa sumaku, kikazima. Akairudisha, kikawaka. Mwanga wenyewe haukuzidi, ila jiwe likiwa karibu na sumaku liliupindua mlalo wake kidogo, ukapata upenyo katika mlango wa pili. Bi Sikuzani alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha wakaanza kutafuta. Kipande kwa kipande, ukanda ukawekwa chini ya kijiwe. Mwanga uliingia, ukagonga mgongo unaong'aa wa ukanda, ukarudi, ukipindwa wakati wa kwenda na kupindwa tena wakati wa kurudi. Ngwali aliangalia kwa kioo chake cha kukuza. Palipokuwa na wimbo, palijaa mistari ya mwanga na giza bila nafasi, kama kikoi. Matangazo ya mpira yalikuwa vurugu tupu. Ukanda usio na kitu ulikuwa kijivu. Macho ya fundi yalivimba, la kulia likaanza kuona ukungu, akahamia la kushoto. Ule ukungu haukuondoka tena.

Ndipo siku moja akasema taratibu, "Njoo uone, dada."

Tunsume aliinama. Aliona mistari michache imejikusanya, kisha uwanja mtupu. Mistari tena, kisha uwanja mtupu. Mtu anaita, ananyamaza. Mtu anaita, ananyamaza. Alikuwa ameisikia sauti ile kupitia ukutani kwa miaka, na sasa alikuwa akiiona.

"Huku mwisho kuna uchafu kidogo," alisema Ngwali. "Kwenye uwanja wa pili."

Tunsume aliangalia. Katikati ya kimya cha pili, palepale baada ya jina la Mwanasiti, palikuwa na mistari midogo, hafifu, ya sauti ndogo iliyotoka mbali. Akajua papo hapo. Mzee aliponasa sauti yake, yeye Tunsume alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mdomo wake ulikuwa umemtangulia kama kawaida.

Alisimama wima. "Ndiyo," alisema. "Uchafu kidogo."

Vipande vikaungwa kwa mpangilio waliouona. Redio mbili zikawekwa, moja iite, nyingine inakili, maana ukanda ulikuwa na safari moja tu. Jua lilikuwa linashuka. Bi Sikuzani alivaa kanga mpya.

"Sikuzani!" aliita marehemu.

"Abee," alijibu mkewe, na machozi yakamtoka.

"Mwanasiti!"

Kimya. Kisha, chini kabisa ya mkwaruzo wa redio, sauti ya mwanamke: "Abee."

"Basi, mlango umefungwa. Mungu atuamshe salama." Na kutu ikabaki chini ya redio kama unga wa ugoro.

Bi Sikuzani alikuwa anatabasamu huku analia. "Mmemsikia?" alisema. "Ndiyo maana nilikuwa siwezi kuishi bila kaseti hii. Kila jioni nilikuwa namsikia mwanangu. Sijui aliitikaje kutoka huko aliko, lakini aliitika."

Ngwali na Chesco walitazamana. Walikuwa hawajui. Tunsume peke yake ndiye aliyejua, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumsuta. Angenyamaza, mama angebaki na binti yake. Angesema, angemnyang'anya mtoto mara ya pili, na angejivua nguo mbele ya mji uliochukia kosa lile kuliko wizi. Aliogopa. Alitamani kuitwa kuliko alivyotamani kitu kingine chochote, na alijua maneno yale yanaweza kumfungia mlango. Lakini alifikiria jioni zote zijazo, mama akimtabasamia binti asiyekuwapo, na yeye akisikiliza.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeitika. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nisamehe."

Bi Sikuzani aliketi kwenye kigoda. Alikaa hivyo mpaka majina yakaanza kusikika upande wa kisimani.

"Kwa hiyo mwanangu hakuitika," alisema mwishowe.

"Hakuitika, mama."

Chesco, mtu wa maneno machache, ndiye aliyefuata kusema. "Kuitikia jina la mtu ni kosa," alisema. "Mimi najua kwa nini ni kosa. Nilikuwa chini." Akavitazama vidole vyake. "Bila jiwe la dada huyu, mimi ningesugua nini? Lakini bila mikono yangu, jiwe lake lingekuwa kaa la moto lililozimika. Mimi sitaki sifa. Nataka siku nikifukiwa, watu wasirudi wakiimba."

"Na bila jicho langu," alisema Ngwali, "mngekuwa na kioo kizuri cha kutazamia taa. Sasa jicho lenyewe linakwenda. Saa zangu nitazisikia, sitaziona. Kipofu asiyeitwa, mama, ni nani atajua kwamba hajaamka?" Kisha akaongeza kwa haki, maana alikuwa mtu wa haki, "Lakini huyu dada alikuwa anaitika kabla hatujaahidiwa kitu. Sijui hilo niliongeze kwake au nilitoe."

Tanuri la Tunsume lilikuwa baridi na udongo umekwisha, na wote walijua.

Jirani mmoja aliyekuwa akichungulia akadakia, "Litoe jina la Mwanasiti, upate nafasi mbili."

"Aliye hai hatolewi mlangoni," alisema Bi Sikuzani, na jirani akajiondokea.

Majina yalipanda mtaa, mlango kwa mlango. Naam. Abee. Naam. Bi Sikuzani alisimama, akawaashiria watatu wale watoke nje hadi uani, kama desturi inavyotaka, aitwaye aingie akitokea nje. Wakatoka. Chesco alificha mikono mgongoni. Ngwali aliinamisha kichwa atege sikio. Tunsume alisimama kando ya ukuta wake, upande ambao hakuwahi kusimama, akiwa amefumba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, usije ukamtangulia.

Mjane akashika komeo. Nyumba ya kabla yake ilikuwa imekwisha kuita. Ilikuwa zamu yake.

Haya, wasikilizaji wangu, mmeitika vizuri, hakuna aliyepotea. Mmoja alitoa jiwe na hana tena cha kupika. Mmoja alitoa vidole. Mmoja alitoa jicho. Mmoja kati yao aliiba jina la mtu, kwa jina hilo akampa mama mwenye kilio furaha ya uongo kila jioni, kisha akaivunja kwa ukweli wakati ambapo kunyamaza kungemfaa zaidi. Nafasi ni moja.

Je, wewe ungekuwa umeshika komeo, ungeliita jina la nani? Na ukishafunga mlango, wale wawili waliobaki uani ungewaambia nini?

Jibu taratibu. Hujui ni nani anayesikiliza nyuma ya ukuta.